Kigoda cha Milansi na Maandishi ya Wengi

Mhakiki aliyezoea kitabu hupata taabu akutanapo na maandishi yasiyo na jalada wala mwisho, ambayo mwandishi wake si mmoja bali ni yeyote aliyepita akaona neno la kuongeza. Akiuliza nani aliyeandika, huonyeshwa majina hamsini, na mengi ya majina hayo ni ya kubuni. Akiuliza yaliandikwa lini, huambiwa yaliandikwa jana, na mwaka juzi, na yamkini yataandikwa tena kesho kabla uhakiki wake haujapigwa chapa. Taabu hii imetufanya wengi wetu tuyaachie maandishi hayo mafundi wa mitambo na vijana, kana kwamba si kazi ya lugha. Nami naona si haki. Kiswahili kiandikwacho na watu wa kawaida kwenye intaneti ni kingi, kina mitindo yake, makosa yake na uzuri wake; na zaidi ya hayo chatukumbusha swali ambalo wanafasihi tumelikwepa siku nyingi: neno likiisha kutolewa na watu wengi, ni nani aliye na haki ya kulisoma, kulinakili na kulisimulia upya?

Swali hili nitalitazama kutoka Ufipa, nchi ya nyanda za juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambayo mji wake mkubwa ni Sumbawanga. Wafipa wanayo simulizi ya kale ambayo, kwa maoni yangu, yastahili kuwekwa pamoja na masimulizi makubwa ya Afrika Mashariki. Yasimuliwa ya kwamba katika kijiji cha Milansi alikuwako mtawala wa nchi, jina lake Ntatakwa. Akaondoka kwenda kuwinda, akamwusia mkewe kwamba wageni wakija wasipewe kigoda chake. Wakaja wanawake wageni, wale ambao ukoo wao waitwa Twa, wakataka mahali pa kuketi. Mke akawapa kigoda. Ntatakwa aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata wenyewe wengine. Ukoo wa Twa ukatawala, na baadaye enzi yao ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Lakini Milansi haikufutwa, ilibaki na eneo lake dogo na heshima yake ya ukale.

Tazama jinsi simulizi hii ilivyo na nguvu bila ya kelele. Hapana mkuki uliorushwa, hapana jeshi, hapana hata tusi. Nchi nzima yabadili mikono kwa tendo ambalo katika kila nyumba ya Mwafrika lahesabiwa kuwa ni adabu njema, yaani kumkaribisha mgeni aketi. Wala mke si msaliti. Angemnyima mgeni kiti angelaumiwa, na kwa kumpa amelaumiwa pia. Msimulizi hamhukumu, twaachiwa sisi tuhukumu. Huo ndio ufundi wa masimulizi mafupi, na wengi waandikao hadithi leo wangejifunza humo namna ya kunyamaza.

Sasa kijana wa Sumbawanga atakaye kuisoma simulizi hii, aisome wapi? Kuisikia aweza kuisikia, akiwa na bahati ya kuwa na mzee aikumbukaye. Lakini katika maandishi safari yake ni ndefu. Askofu Adolphe Lechaptois wa shirika la Mapadre Weupe aliandika juu ya nchi za ukingo wa Ziwa Tanganyika na watu wake, na kitabu chake kilitoka Algiers mwaka 1913, kwa Kifaransa. Gazeti la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lilichapa habari za Wafipa na uyeyushaji wao wa chuma, kwa Kiingereza. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis alikaa Ufipa, akasikiliza na kuandika. Matunda yake yalitoka Oxford mwaka 1978 katika kitabu cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa, na tena mwaka 1981, kwa mchapishaji mwingine, katika kitabu cha historia ya dola yao, ambacho simulizi ya Milansi ndiyo nguzo yake. Vyote viwili ni vya Kiingereza. Basi neno lililotoka vinywani bure lilivuka bahari, likavalishwa lugha nyingine, na atakaye kulirudisha hana budi kulinunua au kwenda kulitafuta katika maktaba ya chuo kikuu.

Simsemi vibaya Willis. Pasipo kazi yake tungekuwa maskini zaidi, na alifanya kwa uangalifu ambao si kila mtafiti wa zama zake alikuwa nao. Ila mgeni hukaa juu ya kigoda hata akiwa mgeni mwema.

Zimekuja baadaye zana ambazo, kwa ahadi yake, zingeweza kurekebisha hali hiyo. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iandikwayo na yeyote atakaye, ilianza mwaka 2003. Tangu mwaka 2009 maandishi yake yamewekwa chini ya leseni ya Creative Commons ambayo masharti yake ni mepesi kuyakumbuka: soma, nakili, badili, hata uza ukitaka, mradi uwataje waliotangulia na kazi yako uiache wazi kwa masharti yale yale. Katika historia ya maandishi ya Kiswahili sijui uwazi mkubwa kuliko huu. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji kutoka kila jimbo, na washairi wetu wakubwa walipitia humo. Lakini mlangoni alisimama mhariri, na nyuma ya mhariri ilisimama serikali. Hapa mlango hauna bawabu, ila wenzako ambao nao waliingia kwa mlango uo huo.

Je, uwazi huo umeipa Ufipa nini? Nimesoma makala ya kata za Mkoa wa Rukwa moja baada ya jingine, kama mtu asomavyo diwani, na lazima niseme ukweli kwamba ni diwani kavu. Kila kata yatajwa jina, yatajwa wilaya yake, yahesabiwa watu wake kwa mujibu wa sensa, yapewa msimbo wake wa posta, kisha basi. Ukibadili jina na tarakimu, makala ya kata moja yawa makala ya nyingine. Katika makala kadhaa ya lugha mambo ni hayo hayo: idadi ya wasemaji, kundi la lugha kwa uainishaji wa Malcolm Guthrie, na mara kwa mara jina la lugha lenye ki- likifuatwa na kitenzi chenye i-, kosa ambalo mwalimu wa shule ya msingi angelipigia mstari. Na kosa hili, kwa kuwa fomula yenyewe imenakiliwa toka lugha moja hata nyingine, limenakiliwa pamoja nayo.

Hapana mtu atembeaye katika makala hayo. Hapana ulezi, hapana matuta ya duara ambayo Mfipa huyafukia majani yaoze yawe mbolea, hapana zile tanuri za udongo za kuyeyushia chuma zilizomzidi mtu kimo. Mimi si adui wa fomula. Fasihi simulizi yetu yote yasimama juu ya fomula. Lakini mtambaji asemapo "Paukwa" na kuitikiwa "Pakawa", fomula hiyo yafungua mlango ili mtu aingie. Fomula ya sensa yafungua mlango na kuufunga papo hapo, kwa sababu ndani hamna kitu.

Wengine watasema kwamba ukavu huu ni uvivu wa waandikaji, au kwamba ni matokeo ya mashindano kama yale ya mwaka 2009 na 2010, ambapo wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania walishindanishwa kuandika makala kwa wingi. Pengine kuna kweli kidogo. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, iko kwingine, nayo ni ya kihakiki kabisa. Kamusi elezo hii ina kanuni kwamba kila jambo liegemezwe juu ya chanzo kilichokwisha kuchapwa. Kanuni ni nzuri, na bila yake tungezama katika uzushi. Lakini angalia yatokeayo Ufipa. Kilichochapwa juu ya Wafipa, kwa sehemu kubwa, ni kile cha Algiers na cha Oxford. Mzee wa Milansi ajuaye simulizi kwa moyo si chanzo. Mzungu aliyeisikia kwa mzee wa Milansi ndiye chanzo. Takwimu za sensa, kwa kuwa zimechapwa na serikali na zapatikana bure, ndizo ziingiazo kwa wepesi. Ndiyo maana makala yamejaa takwimu. Uwazi wa juu umejengwa juu ya sanduku lililofungwa chini, na mwandishi wa kujitolea aandika kile tu ambacho mikono yake yaweza kukifikia.

Jambo hili limekwisha kuonwa na wengine. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake walifanya majaribio huko India na Afrika Kusini ya kutumia sauti zilizorekodiwa za watu kuwa vyanzo vya makala ya kamusi elezo, katika mambo ambayo hayajapata kuandikwa. Majaribio yalizusha ubishi, na kanuni haikubadilika. Wapinzani waliuliza ni nani atakayethibitisha kwamba msemaji asema kweli. Swali ni la haki. Ila kwa sisi wa fasihi simulizi si geni, na tuna majibu yake ya miaka mingi: twaandika jina la mtambaji kwa ridhaa yake, mahali, tarehe na hadhira, kisha twaweka toleo lake kando ya matoleo ya wenziwe. Hatumwulizi mtambaji kama Ntatakwa alikuwako. Twamwuliza amesimuliaje.

Na hapa ndipo mhakiki akutanapo na jambo la kumfurahisha. Kila makala katika kamusi elezo hiyo yana ukurasa wa historia, uonyeshao kila mkono uliogusa, neno lililoongezwa na lililofutwa, kwa saa na dakika. Wale waliofanya kazi ya hati za tenzi wajua thamani ya kitu hicho. J. W. T. Allen alipokusanya hati za pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo Dar es Salaam, alipata nakala za nakala, na mtu aweza kutumia umri wake akikisia ni mnakili yupi aliyebadili ubeti upi na kwa nini. Laiti kila hati ya utenzi ingekuja na historia kama hii! Tofauti za matoleo, ambazo kwetu ni matunda ya jasho, humo zatolewa bure kwa msomaji yeyote.

Zaidi ya hayo, kila ukurasa na orodha nzima ya mabadiliko ya karibuni vina mlisho wake, yaani muhtasari ambao tovuti huutoa yenyewe kila kitu kipya kiingiapo: kichwa, tarehe, jina la mwandishi na maneno machache. Programu ya msomaji huuchukua bila kuomba ruhusa na kumpangia kwa taratibu aitakayo yeye. Nausoma mlisho kuwa ni utanzu wenyewe, ndugu wa yaliyomo katika kitabu, ila kitabu hiki hakijamaliza kuandikwa. Adabu yake ni kwamba la jana hutangulia la juzi, bila upendeleo. Kata ya Kalambo iliyosahihishwa herufi moja hukaa kando ya Rais aliyeapishwa, na zote mbili zapata mstari mmoja.

Ufundi huo wa milisho ulizaliwa mwaka 1999, na mmoja wa walioutengeneza toleo la mwaka 2000 alikuwa kijana wa Kimarekani wa miaka 14, Aaron Swartz, ambaye baadaye alisaidia pia kuunda Creative Commons. Mwaka 2011 alishitakiwa kwa kupakua makala ya kitaalamu kwa wingi kutoka hazina ya kulipia. Alijiua Januari 2013 kabla kesi haijasikilizwa. Mwezi Julai mwaka uo huo Google ilifunga programu yake ya kusomea milisho, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi sana. Nayaweka mambo hayo mawili pamoja si kwa kuwa moja lilisababisha jingine, bali kwa kuwa baada ya hapo wasomaji wengi walihamia kwenye mlisho wa namna nyingine: ule uchaguliwao na mwenye mtandao, kwa hesabu zake, ambao mbele yake msomaji hana la kupanga.

Sumbawanga imejua vizuri tofauti ya milisho hiyo miwili. Jina la mji lafasiriwa na watu kuwa latoka katika maneno ya kutupa uchawi, na kwa tafsiri hiyo mji umekuwa kichekesho cha nchi nzima: radi, ungo na safari za usiku. Katika mitandao ya simu, mzaha huo huja wenyewe bila kuitwa, kwa sababu huchekesha, na kichekeshacho hupewa kasi. Mtu wa Mtwara au wa Mombasa ambaye hajapata kuona mahindi na maharage ya Laela, wala soko la Namanyere, amekwisha kuona mizaha ishirini ya uchawi wa Sumbawanga. Sikasiriki na mzaha. Utani ni sehemu ya fasihi yetu. Lakini utani wa makabila una jibu, na mtaniwa hujibu hapo hapo. Katika mlisho wa hesabu, jibu la Mfipa halina mahali pa kufika, kwa kuwa halikuchekesha vya kutosha. Katika ukurasa ulio wazi mtu aliyeandika kwamba jina la mji lina maana hiyo aweza kuulizwa ushahidi, na swali likabaki limeandikwa.

Jambo linisikitishalo ni kwamba ile Ufipa hai niliyoilalamikia kukosekana katika makala ya kata imo tayari kwenye intaneti. Kwaya zaimba kwa Kifipa na kurekodiwa; wajukuu warekodi sauti za bibi zao na kuzituma katika makundi ya jamaa; watu waliohamia Dar es Salaam waulizana maana ya maneno ya nyumbani. Lakini yote hayo yamo ndani ya nyumba za kampuni. Hayana orodha, hayana mlisho ambao mtafiti aweza kuufuata, na simu ikipotea sauti ya bibi yapotea nayo. Mambo makavu yako wazi, yenye uhai yamefungiwa. Wala waliotoa hawakuulizwa kama wataka iwe hivyo. Waliombwa tu waketi, na kumbe kigoda kilikuwa chao.

Wala si kampuni peke yake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka Mtanzania mwenye kublogu achukue leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ada ambazo jumla yake ilifika shilingi 2,100,000, na mwezi Juni mwaka huo JamiiForums, yenye maandishi ya wasomaji tangu mwaka 2006, ilizimwa kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa na nyingine mwaka 2020. Siandiki juu ya siasa. Nasema tu kwamba kwa mkusanyaji wa ngano aliye Sumbawanga, fedha hiyo ilikuwa ni kusema "nyamaza" kwa lugha ya hesabu.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, nami sitaki kuipita. Wengine husema: Mwafrika amekwisha kuibiwa vya kutosha, kumwambia afungue zaidi ni kumwachia mwizi mlango. Kampuni kubwa leo hukomba maandishi yaliyo wazi ili kufundishia mitambo yao lugha, na mwenye lugha hapati hata shukrani. Hoja hii yanigusa. Hata hivyo uwazi si wa namna moja. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao Waswahili wengi wameupa sauti zao, ulizitoa sauti hizo kwa leseni ya CC0, ambayo haidai hata kutajwa. Kwa sentensi zilizobuniwa ili zisomwe tu, sioni ubaya. Kwa simulizi ya Milansi naona ubaya mkubwa, kwa kuwa msimulizi asiyetajwa amerudishwa pale pale alipowekwa zamani, nje ya orodha ya vyanzo. Leseni idaiyo jina, na idaiyo kwamba kilichochukuliwa wazi kibaki wazi, yaelekea zaidi desturi ya kusimulia: hadithi ni ya wote, lakini "nilisikia kwa fulani" haiachwi. Na mambo ya tambiko ambayo wenyewe wataka yabaki ndani, yabaki ndani. Hakuna leseni iwezayo kufungua kile ambacho hakikutolewa.

Kufunga kwa ajili ya kulinda kumekwisha kujaribiwa, maana vitabu vya Willis vimefungwa kwa haki ya mwandishi kwa muda mrefu, na sijaona kwamba Mfipa mmoja amelindwa navyo.

Ninalolipendekeza kwa idara zetu ni dogo. Wanafunzi watokao Rukwa, ambao kila mwaka waandika tasnifu zenye viambatisho vya ngano walizozirekodi, waombe ridhaa ya wasimulizi kwa maneno yaeleweka, na viambatisho hivyo viwekwe wazi na chuo, kwa Kifipa na Kiswahili bega kwa bega, na mlisho wake utoke. Kitu kilichotolewa na chuo ni chanzo kilichochapwa. Kamusi elezo haitakuwa na sababu ya kukikataa. Kwa njia hiyo mzee wa Milansi ataingia kwa mlango wa mbele, jina lake likiwa juu yake.

Kazi ya kwanza ya ubishi itakuwa ni tafsiri, nami naingoja kwa hamu. Hapa juu nimesema kigoda, kwa kuwa ndicho kitu kidogo cha nyumbani ambacho mke aweza kumsogezea mgeni bila kuwaza. Mwingine atasema kiti cha enzi, na simulizi yake itakuwa nyingine kabisa: mke huyo atakuwa amejua alichokitoa. Nataka kuona ni nani atakayelibadili neno langu, kwa saa ngapi na dakika ngapi, na ni kwa msimulizi yupi wa Kifipa atakayeegemea.